Uliza Fundi: laptopu ya chuo ambayo usiku inacheza gemu

Mwezi huu maswali ni yaleyale, vyuo vinafungua, boom (hela ya mkopo wa chuo) linasubiriwa, na kila mtu anataka laptopu moja ambayo mchana inafanya asaimenti afu usiku inageuka pleisteshen. Inawezekana kabisa, hata kwa hela ya kawaida, ila wengi wenu mnauziwa stika. Nimechagua barua chache, zingine nimezikata maana kuna watu mmeandika mpaka ugomvi wa familia kuhusu nani achangie ngapi, samahanini.

SWALI: Kaka mambo vipi, mi niko mwaka wa kwanza nasoma kompyuta sayansi, naishi Mabibo hosteli. Nina laki tisa, boom pamoja na aliyoniongezea mjomba. Nataka laptopu ya kuandikia programu, asaimenti, na usiku nicheze eFootball na GTA V na wana. Kariakoo nimeonyeshwa mbili za mtumba, moja Core i7 RAM 8GB na hadi disk ya 1TB (ile diski ya zamani ya kuzunguka), nyingine Core i5 RAM 8GB na SSD ya 256GB (diski ya chipu, haizunguki), bei zinakaribiana. Rafiki yangu anasema i5 haiwezi kuizidi i7 hata siku moja. Nichukue ipi? – Mwanachuo, Mabibo

JIBU: Poa mdogo wangu. Rafiki yako kakosea, ila muuzaji yeye hajakosea, anajua vizuri anachofanya. i5 na i7 ni majina ya prosesa, yaani ubongo wa mashine, na neno i7 peke yake halikwambii kitu, kinachokwambia ni namba inayofuata baada ya kistari, na ndo maana stika ya nje huwa haina iyo namba. Mfano i7-4600U na i5-8350U. Tarakimu ya kwanza ndo jenaresheni, yaani kizazi, kwa iyo ile i7 ni ya 4, imetoka 2013, ina kori mbili tu, yaani vichwa viwili vya kufanyia kazi. Hii i5 ni ya 8, ina kori nne. Intel, watengenezaji wa hizi i5 na i7, mpaka jenaresheni ya 7 walikuwa wanaweka kori mbili kwenye laptopu za ofisi zenye herufi U mwishoni, hata ikiandikwa i7, afu 2017 kwenye ya 8 ndo wakaruka kwenda nne. Kwa iyo i5 ya 8 inaipita i7 ya 4 bila mjadala, na inaipita hata i7 ya 7 ya aina ileile ya U.

Kidogo tu kuwa makini na zile zinazoanza na 1, i5-10210U ni jenaresheni ya 10 na i5-1135G7 ni ya 11, usije ukasema ni ya kwanza ukaikimbia wakati hiyo ni mali.

Kuna sababu nyingine ya kutoshuka chini ya 8. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwenye orodha yao rasmi inaanzia Intel ya 8, kwa laptopu za AMD, washindani wa Intel, ni Ryzen za 3000. Madukani utaona Windows 11 imewekwa kwenye mashine ya jenaresheni ya 4 na inawaka vizuri tu, wamepita mlango wa nyuma, Microsoft hawaahidi apdeti kwenye mashine ya ivo na siku apdeti kubwa ikigoma wewe ndo utabaki nayo. Afu kuna gemu kama Valorant ukiwa Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vya ndani ya mashine, viwe vimewashwa, bila hivyo haifunguki.

Sasa tuje kwenye gemu zako. Laptopu za ofisi kama HP EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480, ambazo ndo zimejaa Kariakoo saivi na kwa laki tisa yako unapata na chenji inabaki, nyingi hazina kadi ya grafiki ya peke yake, yaani chipu maalumu ya kuchorea picha, zinatumia grafiki iliyo ndani ya prosesa inaitwa UHD 620. Hiyo haina memori yake, inachukua kwenye RAM ya mashine. Na hapa ndo watu wanapoteza spidi bure. RAM ya 8 ikiwa kwenye kijiti kimoja, grafiki inapita njia moja tu, ukiweka vijiti viwili, 4 na 4 au bora zaidi 8 na 8, njia zinakuwa mbili na gemu inabadilika unaona kwa macho. Sio prosesa umebadilisha, ni kijiti tu. Kwenye Intel ya 11 ni vichekesho zaidi, zile grafiki zinazosifiwa za Iris Xe ukiwa na kijiti kimoja mashine yenyewe inajiandika UHD, ukiongeza cha pili ndo inajiita Iris Xe.

Ukiwa dukani fanya hivi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, nenda Performance afu Memory, chini kuna mstari umeandikwa Slots used. Ukikuta 1 of 2 maana yake kuna nafasi ya kijiti cha pili. T480 na 840 G5 zina nafasi mbili, hizo salama. T480s, ambayo kwa macho ni ndugu yake mwembamba, na T490, RAM moja imechomewa kwenye bodi na nafasi ni moja tu, sio mbaya ila ukinunua ujue. Hapohapo Performance bonyeza CPU, juu kulia utaona jina kamili la prosesa na namba yake, hapo stika haina kauli tena.

Matarajio sasa, nisikudanganye. PES 2017 na San Andreas kwenye UHD 620 utacheza mpaka uchoke. eFootball itaenda ukishusha setingi. GTA V inachezeka kwenye 720p (picha ya ubora wa chini) kila kitu kikiwa chini, na ukiwa katikati ya mji polisi wamekuandama na magari yamejaa itakwama kwama, utavumilia. EA FC (ile iliyokuwa FIFA) za karibuni sahau, FC 24 tu wenyewe wanataka angalau kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti na nafasi ya 100GB, hiyo ni ligi nyingine.

Kama gemu ni muhimu kweli na hutaki kuongeza hela, ulizia zile zenye AMD. EliteBook 745 G6 au ThinkPad T495 yenye Ryzen 5 PRO 3500U ina grafiki ya Vega 8, na hiyo inaiacha UHD 620 mbali. Wauzaji wengi hawazisifii kwa sababu wateja wanaulizia Core i tu, kwa iyo mara nyingine zinakaa kwenye shelfu na bei inashuka. Mi ningekuwa na laki tisa yako ningeanza na hiyo, nikiikosa ndo narudi T480.

Zote ulizoonyeshwa zina RAM 8, kwa kompyuta sayansi usiishie hapo. Android Studio yenyewe inataka 8 kama kima cha chini, ukiwasha na ile simu ya kuigiza ndani yake wanashauri 16, bila hiyo unakaa unaangalia kidude kinazunguka na ledi ya mashine inapepesa. Tafuta ambayo tayari ina 16 au ina 8 na nafasi moja wazi. Ila jua kuwa bei ya RAM imepanda dunia nzima tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vinapeleka chipu kwenye mitambo ya AI, kwa iyo ile habari ya “nunua ya 4 utaongeza baadae” saivi inaweza kukugharimu kuliko kuchukua iliyojaa moja kwa moja.

Hadi disk ya 1TB usiitamani. SSD ya 256 kwenye kuwaka na kufungua vitu inaidhalilisha, na hadi disk iliyotoka Ulaya ikabebwa kwenye kontena na boda ya Msimbazi siiamini na asaimenti zako. Tatizo la 256 ni kwamba GTA V peke yake inakula zaidi ya 100GB, ukiweka Windows na vifaa vyako vya shule umemaliza. Ukiweza kupata 512, chukua. Muvi weka nje.

Afu kabla hujatoa hela, vitu vitatu vya haraka. Fungua cmd (dirisha la Windows la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, itakupa anuani ya faili, lifungue, angalia Design Capacity na Full Charge Capacity, yaani betri ilizaliwa na kiasi gani na saivi inabeba kiasi gani. T480 nyingi zina betri mbili, moja ndani moja nje, angalia zote, muuzaji mjanja anabadilisha ya nje tu. Cha pili, zima uwashe ukiwa unagonga F1 kwenye ThinkPad au F10 kwenye HP uingie BIOS (setingi za ndani ya mashine kabla Windows haijawaka), ikikuomba paswedi na muuzaji haijui, mrudishie mashine yake kwa heshima. Cha tatu, iunganishe na hotspoti ya simu yako afu uiseti upya mbele yake kama atakubali, hizi ni mali zilizotoka kwenye makampuni ya nje, kuna ambazo ukiingia tu intaneti kwenye kuseti zinakuletea jina la kampuni ya watu na kukuomba imeili ya kazini. Hiyo bado imefungwa na kampuni, na siku utakayoiformati mwenyewe hosteli saa nane usiku ndo utajua.

Na kioo. Kuna T480 zenye kioo cha 1366 kwa 768, rangi imefifia na ukiegemea pembeni kinakuwa cheusi. Kwa gemu sio shida sana, tena gemu inakuwa nyepesi, ila kusoma PDF miaka mitatu kwenye kile kioo ni adhabu. Ulizia 1920 kwa 1080.

SWALI: Fundi, mimi ni mzazi niko Kisauni, Mombasa. Kijana wangu anaenda chuo kusomea uhandisi wa ujenzi. Mimi nilipanga kumnunulia laptopu ya elfu thelathini hivi za Kenya, yeye ameniletea ya gemu, ile ina taa za rangi kwenye kibodi, elfu tisini, anasema bila hiyo AutoCAD haifanyi kazi. Mimi nahisi anataka kucheza. Nani mkweli? – Mama Kisauni

JIBU: Shikamoo mama. Nyote wawili. Anataka kucheza, na pia hajakudanganya yote.

AutoCAD ya kawaida, ile ya kuchora ramani bapa, inaenda vizuri kwenye laptopu ya ofisi ya jenaresheni ya 8 yenye RAM 16, hizo za Ex-UK (mtumba wa Uingereza) zilizojaa Luthuli kule Nairobi na hapo kwenu mjini Mombasa, na bajeti yako ya elfu thelathini iko karibu sana na hiyo. Mwaka wa kwanza mara nyingi ni hesabu, fizikia na michoro ya msingi, atafanya nayo bila shida. Lakini akifika kwenye Civil 3D, Revit na zile kazi za kutengeneza picha ya jengo likiwa na mwanga na vivuli, hapo kadi ya grafiki inaanza kuwa na maana na laptopu ya ofisi itahema. Kwa iyo kijana anaongea habari ya mwaka wa tatu kama vile ni kesho asubuhi.

Kuna njia ya katikati ambayo nadhani hakukuonyesha, labda haijui. Ulizeni laptopu za wahandisi zilizotumika, HP ZBook 15 G5 au Dell Precision 5530, zinakuja na kadi ya Quadro kama P1000 na prosesa ya jenaresheni ya 8 yenye herufi H mwishoni, hizo H zina nguvu kuliko U. Zimetengenezwa kwa ajili ya hizihizi programu za kuchora, na ile P1000 kwenye gemu inafanya kazi kama GTX 1050, maana yake GTA V ataicheza vizuri kabisa. Kwa nje ni laptopu ya mzee wa ofisini, nyeusi au kijivu, hamna taa hamna nembo ya joka, na hilo kwenye matatu na hosteli lina faida yake. Bei yake inakaa katikati ya hizo mbili mnazobishania. Ubaya ni chaja kubwa, na ZBook yenyewe ni nzito, atabeba.

Akikataa kabisa akang'ang'ania ya gemu, basi angalau isiwe chini ya GTX 1650, na muulize betri inakaa saa ngapi, uone kama atakuangalia usoni. Zile mashine kwenye lekcha zinakata mapema, na ukichomoa chaja kadi ya grafiki inapunguza nguvu yenyewe.

Programu za Autodesk, ndo wenye AutoCAD, Civil 3D na Revit, msinunue wala msizikraki, mwanafunzi anapewa leseni bure ya mwaka mmoja na anaihuisha kila mwaka akiwa bado chuoni, anajisajili na kuthibitisha kuwa ni mwanafunzi. Na kuhusu hofu yako kubwa mama, nikuambie ukweli, hakuna laptopu inayofungua AutoCAD ikashindwa kufungua PES. Hiyo itabidi mzungumze nyumbani.

SWALI: Nimeuziwa wazo la MacBook Air ya 2015, ni nzuri ina nembo ya kuwaka, bei nafuu. Nasoma biashara, nacheza gemu kidogo tu, eFootball na GTA V. – Anonimasi, Dodoma

JIBU: Kwa kuandika na kuonekana, sawa. Mfumo wake uliishia macOS Monterey, haipandi zaidi ya hapo, RAM imechomewa haiongezeki, na gemu ulizonitajia kwenye barua yako, eFootball na GTA V, hazina toleo la Mac. Gemu kidogo tu itakuwa chesi.

SWALI: Asalaam aleikum. Niko Zanzibar, Mwanakwerekwe, naingia SUZA (chuo kikuu cha hapa Zanzibar). Kaka yangu anafanya kazi Maskati anakuja likizo, kasema ataniletea laptopu mpya ya kusomea skuli na gemu ndogondogo. Kanitumia picha mbili, zote Ryzen 5, zote RAM 8 na SSD 512. Moja Ryzen 5 7520U, nyingine Ryzen 5 5500U. Mi nimemwambia alete ya 7520U kwa sababu ndo mpya. Nimefanya sawa? Na chaja ya Oman itaingia kwenye soketi zetu? – Dada wa Mwanakwerekwe

JIBU: Waaleikum salaam dada. Mpigie leo, mwambie alete 5500U.

Najua inaonekana kinyume, 7 ni kubwa kuliko 5, na hapo ndo AMD wametuchanganya watu. Kwenye hizi namba zao za 7000 za laptopu, tarakimu ya kwanza ni mwaka tu wa kuuzia, ya tatu ndo inakwambia ndani kuna injini ya kizazi gani. 7520U tarakimu ya tatu ni 2, yaani Zen 2, injini ya zamani kwenye boksi jipya. Tena ina kori nne, wakati 5500U ambayo nayo ni Zen 2 ina kori sita. Ila kwako kubwa zaidi ni grafiki, 7520U ina Radeon 610M ambayo ni dogo sana, imewekwa pale ili kioo kiwake na video zicheze, 5500U ina Vega 7 ambayo kwa gemu ndogondogo ulizosema itakufurahisha. Afu 7520U RAM yake siku zote imechomewa kwenye bodi, ukinunua 8 utakufa na 8. 5500U inategemea modeli, nyingi zina nafasi ya kuongeza, mwambie kaka aulize hilo dukani kabla hajalipa.

Akikuta 7530U kwa bei ya karibu ndo achukue hiyo, ile tarakimu ya tatu ni 3, Zen 3, kori sita, na grafiki ni Vega. Unaona 7520U na 7530U zinatofautiana namba moja katikati, bei dukani unaweza kukuta zinafuatana, na ndani ni mbingu na ardhi.

Soketi haina neno, Oman wanatumia zilezile za pini tatu za bapa kama zetu, na umeme wao ni volti 240, chomeka tu. (Wenye ndugu Marekani na Ujerumani nyie ndo mtahitaji adapta ya plagi, chaja yenyewe soma nyuma, ikiandikwa 100-240V haina tatizo.) Kibodi za kule mara nyingi zina herufi za Kiarabu pembeni ya za Kiingereza, haizuii kitu chochote, na kwako huenda ndo raha. Kitu cha kuulizia ni waranti, nyingi zinafanya kazi kwenye nchi ilikonunuliwa tu, kwa iyo kaka aifungue na kuijaribu hukohuko siku mbili tatu kabla ya kupanda ndege, kioo kama kina doti, feni kama inakoroma, kibodi yote inaandika. Ikiharibika Unguja kuirudisha Maskati ni safari.

Na mkikuta mpya ya bei ya chini sana yenye Celeron (prosesa dhaifu) na eMMC ya 64GB (diski ndogo ya polepole), hata kama ni mpya kwenye naironi yake, achaneni nayo. EliteBook ya mtumba ya 2018 inaishinda, nasema hivyo na naweza kubishana na mtu.

SWALI: Fundi niko Mwanza, nina laptopu ya gemu yenye GTX 1650, nasomea hapo hapo. Nikicheza robo saa inachemka kama pasi na gemu inaanza kukwama, mwanzoni ilikuwa haifanyi. Halafu mwenye nyumba kanijia juu, anasema gemu ndo inamaliza LUKU (umeme wa kulipia kabla) tunayochangia. Nimwambie nini? – Mpangaji, Mwanza

JIBU: Tuanze na joto. Prosesa ikifika joto fulani inajipunguza spidi yenyewe isiungue, ndo maana dakika za mwanzo unaruka vizuri afu inaanza kukwama, gemu haina kosa na RAM haina kosa. Kama mwanzoni haikuwa hivyo basi ni vumbi au ile pesti iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoozea imekauka. Fundi anafungua mfuniko wa chini, anashika feni isizunguke, anapuliza vumbi, anafuta pesti ya zamani na kuweka mpya. Mwambie afanye mbele yako, kile kitambaa cha vumbi kinachotoka kwenye matundu ya feni utakiona, kinafanana na blanketi dogo la kijivu. Na uache kuchezea kitandani, najua unachezea kitandani kila mtu anachezea kitandani, godoro linaziba matundu ya chini kabisa ambayo ndo yanavuta hewa. Weka meza, au hata trei ya chai iliyo bapa.

Afu ingia kwenye setingi ya gemu, weka kikomo cha fremu 60, yaani picha 60 kwa sekunde. Kioo chako kama ni cha 60Hz, yaani kinaonyesha picha 60 tu kwa sekunde, zile za juu yake huzioni, unachemsha mashine bure. Hii peke yake inaweza kushusha joto na kelele ya feni kabla hujamlipa fundi.

Kuhusu LUKU, nenda na hesabu. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Laptopu yako ikiwa kwenye gemu zito tuseme inakula wati 150, na hapo nimekuwa mkali, saa tatu ni 0.45, haijafika nusu uniti. Ukiwa unaandika asaimenti inakula hata wati 30 haifiki wakati mwingine. Sasa angalia hapo nyumbani nani anachemsha maji ya kuoga kwa ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Nyingi ni wati 1,500 au 2,000, nusu saa asubuhi ya hiyo ya 2,000 ni uniti nzima imekwenda, na kama mko wapangaji wanne kila mmoja na ndoo yake, zidisha. Mwombe mwenye nyumba mkae siku moja muangalie ile namba kwenye mita kabla na baada ya wewe kucheza, afu mfanye hivyohivyo kwenye hita. Ila chunguza kwanza kimyakimya hita ni ya nani, ikiwa ni ya kwake mwenyewe anza na kumsalimia vizuri.